Godoro ni Pesa Ngapi? Piga Hesabu Kabla Hujaweka PIN

Ni Jumamosi, steji ya Olympic, Kibera. Kijana wako anaripoti shule ya bweni Jumatatu asubuhi. Sanduku liko tayari, ndoo iko, karo imeshalipwa. Kwenye ile orodha ya shule kimebaki kitu kimoja tu: godoro. Kwa simu umebaki na 7,000, na hapo ndipo pesa ya godoro, nauli ya Jumatatu na chakula cha wiki vyote vitatoka.

Umeulizia mahali patatu. Duka la kwanza, hapa hapa karibu na steji, wanasema 5,800. La pili, kule Kawangware, 4,900. La tatu si duka. Ni tangazo lililotumwa kwa grupu la WhatsApp: 3,200, tunaleta hadi mlangoni, tuma 500 kwanza ya kushika nafasi. Wote watatu wanasema wanauza kitu kimoja: tatu kwa sita, inchi sita, HD.

Utamlipa nani?

Wengi wetu tungeangalia namba iliyo ndogo kuliko zote na kuanza kubonyeza simu. Lakini bei ya godoro haisomwi tu, inapimwa. Ukiwa na tepu ya fundi, kalkuleta ya simu na dakika kumi, unaweza kujua kama hiyo bei ni sawa, ni ghali, au ni mtego. Twende pole pole. Mwisho wa somo tutarudi kwa hizo bei tatu.

Hatua ya 1: Pima kitanda, usikadirie

Madukani kwetu godoro hutajwa kwa namba tatu: upana kwa futi, urefu kwa futi, halafu unene kwa inchi. Ukisikia "nne kwa sita kwa nane," ni futi 4 upana, futi 6 urefu na inchi 8 unene. Saizi utakazokutana nazo sana ni 2.5 kwa 6, 3 kwa 6, 3.5 kwa 6, 4 kwa 6, 5 kwa 6 na 6 kwa 6.

Shida ni kwamba kitanda hakijui hizo saizi. Fundi wa jua kali anaweza kukitengeneza kirefu kidogo, futi sita na robo, na hapo godoro la futi sita litaacha pengo la inchi tatu kwenye miguu. Kwa hivyo pima kwa ndani, mbao hadi mbao, uandike kwa simu kabla hujatoka nyumbani. Na si sisi tu wenye hii shida. Kule Marekani kuna watu wanaolala kwenye nyumba za magurudumu, na kitanda cha humo mara nyingi ni kifupi kwa inchi tano kuliko cha nyumba ya kawaida. Asiyepima analeta godoro lisiloingia.

Kama unaishi kwa chumba cha kumi kwa kumi, pima pia sakafu. Godoro la 5 kwa 6 linachukua futi 30 za mraba kati ya 100 ulizonazo. Hiyo ni karibu theluthi ya nyumba, kabla hujaweka jiko na meza.

Kwa mtoto wa bweni, soma barua ya shule kwanza. Shule nyingi huandika saizi wanayotaka. Na kama atalala juu kwenye dabodeka, godoro nene sana si zuri: linapanda hadi karibu na kile chuma cha kuzuia mtu asianguke. Hapo inchi mbili za ziada umelipia hatari.

Hatua ya 2: Tafuta futi za ujazo

Godoro la kawaida ni sponji. Unaponunua godoro unanunua kiasi cha sponji, kama vile unavyonunua unga kwa kilo. Kwa hivyo usilinganishe bei ya godoro moja na bei ya lingine. Linganisha bei ya futi moja ya ujazo.

Hesabu yenyewe ni hii:

Upana (futi) mara urefu (futi) mara unene (inchi), gawanya kwa 12.

Mfano, 4 kwa 6 kwa inchi 8: 4 × 6 × 8 = 192. Gawanya kwa 12, unapata futi 16 za ujazo. Ukiambiwa linauzwa 9,600, gawanya 9,600 kwa 16. Kila futi ni 600.

Hizi hapa nyingine ili usihangaike:

- 2.5 kwa 6, inchi 6: futi 7.5
- 3 kwa 6, inchi 6: futi 9
- 3.5 kwa 6, inchi 6: futi 10.5
- 4 kwa 6, inchi 6: futi 12
- 4 kwa 6, inchi 8: futi 16
- 5 kwa 6, inchi 8: futi 20
- 6 kwa 6, inchi 8: futi 24

Sasa, utarajie bei gani? Kwa bajeti, sponji nyepesi ihesabie kati ya 350 na 500 kwa kila futi ya ujazo. Sponji nzito, ile inayoandikwa HD au hevi duti, ihesabie kati ya 550 na 800. Hii si bei rasmi ya kampuni yoyote. Ni mahali pa kuanzia maongezi. Jina kubwa, kava ya kushonwa vizuri na warantii huvuta bei juu. Msimu wa shule kufunguliwa pia huivuta.

Kwa hivyo 3 kwa 6 ya inchi 6, kama ni nyepesi, jipange na 3,150 hadi 4,500. Kama ni HD, 4,950 hadi 7,200. Na 4 kwa 6 ya inchi 8 ya HD, jipange na 8,800 hadi 12,800.

Jambo moja la kuangalia: inchi sita ya kuandikwa na inchi sita ya tepu si lazima ziwe ndugu. Weka tepu pembeni ya godoro, bila kulifinya. Kwa 4 kwa 6, nusu inchi ikikosekana umepoteza futi moja nzima ya ujazo. Kwa bei ya 700 kwa futi, hiyo ni 700 yako imebaki dukani.

Hatua ya 3: Weka kwa mizani

Neno HD limeandikwa kwa kava, na kava ni kitambaa tu. Anayesema ukweli ni mizani.

Sponji hupimwa kwa kilo ngapi ziko ndani ya mita moja ya ujazo. Sponji ya kilo 25 ni ya kubeba watu wazima kila siku kwa miaka. Ya kilo 16 au 18 ni nyepesi, inalala haraka. Mita moja ya ujazo ni kama futi 35 za ujazo, kwa hivyo ukigawanya unapata kanuni rahisi: sponji ya kilo 25 ina karibu gramu 700 kwa kila futi. Ile nyepesi ina kama gramu 450 hadi 500.

Chukua 3 kwa 6 ya inchi 6, futi 9. Kama ni nzito, utarajie kama kilo 6.3. Kama mizani inasoma kilo 4 na kitu, hiyo ni nyepesi, hata kama kava imeandikwa HD kwa herufi za dhahabu. Ongeza kidogo tu kwa ajili ya kava.

Mizani utaitoa wapi? Wako wale wa kupima watu uzito kando ya barabara. Panda peke yako, kisha panda ukiwa umebeba godoro, utoe tofauti. Muuza vyuma kuukuu pia ana mizani ya kuning'iniza. Mwenye duka akikataa kabisa godoro lipimwe, amekuambia kitu bila kusema.

Lakini mizani nayo inaweza kudanganywa. Kuna sponji inayoongezwa unga wa chokaa ili iwe nzito, na kuna godoro la vipande vya sponji vilivyosagwa na kushikanishwa upya. Hilo la vipande si baya, ni gumu na wengine wanalipenda kwa mgongo, lakini kanuni ya gramu 700 haifanyi kazi kwake. Kwa hivyo baada ya mizani, fanya mambo matatu:

- Fungua zipu. Ndani kuwe na bonge moja, si vipande vilivyobandikwa na kufichwa.
- Piga goti katikati, hesabu hadi kumi, inuka. Shimo linafaa kujaa mara moja. Likibaki likikuangalia, acha hilo godoro.
- Tafuta alama ya ubora ya KEBS. Chini yake kuna namba ya kibali. Tuma SMS yenye SM# kisha hiyo namba kwenda 20023, utajibiwa ni bidhaa gani na ya nani. Jina likiwa tofauti na lililo kwa kava, usilipe.

Hatua ya 4: Ongeza gharama ambazo hazijaandikwa

Godoro halitembei. Kutoka Kawangware hadi Olympic kuna bodaboda, na kutoka barabarani hadi mlangoni kwako kuna mtu wa kulibeba kichwani kupitia vichochoro. Kubaliana bei na wote wawili kabla ya kulipia godoro, si baada. Ukishalipa, godoro ni lako na mvua ni yako.

Halafu kuna ada za simu. Hapa watu wengi hupoteza pesa bila kuona. Tuchukue viwango vya M-Pesa vilivyoanza Julai 2023, kwa godoro la 5,800:

- Ukituma kwa namba ya mtu, unakatwa 78. Jumla 5,878.
- Muuzaji akisema "weka na ya kutoa," unaongeza 87. Jumla 5,965.
- Ukilipa kwa till ya dukani, wewe hukatwi kitu. Jumla 5,800. Ada inamwangukia mwenye duka.

Ndiyo maana wauzaji wengine hukuambia "till iko chini leo, tuma kwa hii namba yangu." Pengine ni kweli. Pengine anakwepa ada. Vyovyote, anayelipa ni wewe, na kuna hasara nyingine kubwa kuliko hiyo 165. Tunaifikia sasa.

Hatua ya 5: Lipa kwa njia inayoacha alama

Ukilipa kwa till, kabla malipo hayajakamilika unaonyeshwa jina. Soma hilo jina. Linafaa lifanane na la duka, au mwenye duka akueleze kwa nini ni tofauti. Ujumbe unaokuja baadaye una jina la biashara, kiasi, tarehe, saa na namba ya muamala. Huo ujumbe ni risiti yako ya pili. Usiufute. Piga picha ya risiti ya karatasi pia, iwe imeandikwa saizi, unene na neno HD kama ndivyo ulivyoambiwa.

Ukituma kwa namba ya mtu, ujumbe unasema tu kwamba ulimtumia fulani pesa. Hausemi zilikuwa za godoro. Kesho mkibishana, ataweza kusema ulikuwa unamlipa deni.

Na hili tunaliulizwa sana: "Si nitarudishiwa pesa nikipiga simu?" Hapana. Kurudisha muamala, kwa mfano kwa kutuma ule ujumbe kwa 456 ukitumia M-Pesa, ni kwa aliyekosea namba. Si kwa aliyenunua godoro likalala baada ya miezi miwili. Hata kwa aliyekosea, pesa ikishatolewa upande ule mwingine inakuwa safari ndefu. PIN ikishaingia, simu imemaliza kazi yake. Kazi yako ni ya kabla.

Kwa hivyo kanuni yetu ni fupi: ona, pima, ndio ulipe. Kama unaletewa nyumbani, lipa godoro likiwa mlangoni na limefunguliwa, si likiwa njiani kwa boda. Muuzaji wa kweli anaogopa kupoteza nauli ya boda, na hiyo ni haki yake. Jitolee kulipia boda. Godoro lenyewe lingoje.

Kama pesa haijatimia

Kuna maduka mtaani yanakubali ulipe kidogo kidogo, godoro ulichukue ukimaliza. Si mbaya, lakini fanya hivi: lipa kwa till kila mara, andikiwa kwa kadi, na muulize mapema kama bei itabaki ile ile hadi mwisho na kama ukikwama utarudishiwa. Epuka kutuma vipande kwa namba ya mtu. 8,400 ikitumwa mara moja inakatwa 90. Ukiituma mara nne, 2,100 kila mara, unakatwa 33 mara nne, yaani 132.

Mkopo wa haraka wa simu nao unasaidia siku moja mbili. Ule wa Fuliza, kwa mfano, una asilimia 1 ya kuanzia, halafu ada ya kila siku hadi umalize. Kwa godoro la 6,000 si ile asilimia itakuumiza, ni siku. Kama hujui pesa ya kulipa inatoka wapi wiki hii, nunua la inchi nne taslimu kuliko la inchi nane la deni.

Likienda vibaya

Rudi dukani mapema, na risiti, ujumbe wa malipo na picha ya godoro. Sheria ya Kenya ya uuzaji wa bidhaa inasema kitu kinachouzwa kwa maelezo lazima kilingane na hayo maelezo. Ukiambiwa HD inchi sita na ukapewa nyepesi inchi tano, hiyo si bahati mbaya, ni kosa. Mkishindwa kuelewana, kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na unaweza kujisimamia bila wakili. Lakini popote uendako swali la kwanza litakuwa moja: uthibitisho uko wapi? Ndipo ule ujumbe wa till unakuwa na thamani kuliko maneno.

Turudi steji

Sasa chukua tepu, twende kwa zile bei tatu.

Duka la Olympic, 5,800: tepu inasema inchi 6 kamili, mizani inasema kilo 6.5 na kava. Futi 9. Kila futi ni kama 644. Ni HD kweli, na bei iko ndani ya mipaka.

Duka la Kawangware, 4,900: sponji ni nzuri, lakini tepu inasema inchi 5. Sasa ni futi 7.5, si 9. Kila futi ni 653. Ile ya "bei rahisi" ni ghali kidogo kuliko ya Olympic, na bado hujalipa boda wa 200. Lakini usikimbie! Kama barua ya shule inakubali inchi tano, una silaha mkononi: "Boss, hii ni inchi tano, si sita. Nipe kwa 4,500." Hiyo ni 600 kwa futi, haki kwa wote. Ukiongeza boda ni 4,700, na kwa simu unabaki na 2,300. Kwa Olympic ungebaki na 1,200. Tofauti hiyo ni nauli ya Jumatatu.

Tangazo la 3,200: kila futi ni 356. Hiyo ni bei ya sponji nyepesi kabisa, na wanasema HD. Huwezi kuligusa, huwezi kulipima, na wanataka 500 kwanza kwa namba ya mtu. Hapo huna bei. Una hadithi tu.

Zoezi

1. Godoro la 4 kwa 6 kwa inchi 8 linauzwa 9,600 kama HD. Mizani inasoma kilo 7.5. Ungelipa ngapi?
2. Tangazo linasema 6 kwa 6 kwa inchi 8, HD, 4,000 tu. Futi moja ni ngapi?
3. 5 kwa 6 ya inchi 8 ni 13,000. Ya inchi 10 ni 15,000. Ipi ina bei nzuri kwa futi?

Majibu

1. Futi 16 za HD zingekuwa na kama kilo 11. Kilo 7.5 ni nyepesi, kwa hivyo ongea kati ya 5,600 na 8,000, au tafuta lingine.
2. 4,000 gawanya kwa 24 ni kama 167. Hakuna anayeuza HD kwa bei hiyo. Usitume hata shilingi.
3. Inchi 8 ni futi 20, yaani 650 kwa futi. Inchi 10 ni futi 25, yaani 600. Ya inchi 10 ni nafuu kwa futi, lakini tu kama hiyo 2,000 ya ziada haikuwa ya kodi ya nyumba.

Kama kuna jirani anayepeleka mtoto shule wiki hii, mtumie somo hili kabla hajatoka kwenda dukani. Na mkumbushe abebe tepu.